Hamsini, Thelathini na Tano, Ishirini na Nane

Fundi Lali Famau, wa saa na redio pale Langoni,
alifungua droo iliyokwama kwa chumvi,
akatandika leso, akapanga lenzi tatu
kama mtu apangaye vikombe vya kahawa.
"Hazivutwi hizi," akasema. "Ukitaka karibu, nenda karibu.
Miguu ndiyo zumu."

Mimi nilikuja na ile yangu ndefu,
niliyouziwa Mombasa kwa maneno matamu,
lenzi kama mchi wa kinu.
Nikiiinua tu, Mkunguni nzima hujitengeneza:
wacheza bao husimamisha kete hewani,
muuza halua hufuta ndevu,
mama mmoja hugeukia ukuta,
nami narudi nyumbani na picha ya mtandio.

Nataka ndogo, nilimwambia. Ienee kiganjani.
Isiyokohoa.

Akaniazima zote tatu hadi adhuhuri.
Rehani: kitambulisho changu, na jina la babangu.

Hamsini kwanza. Ina mtoto wa jicho,
ukungu pembeni mwa kioo, lakini si hilo lililonishinda.
Kichochoroni Pangahari, chini ya wikio,
nilirudi nyuma, nikarudi, mpaka ukuta ukanishika mabega,
na bado yule mshona kofia aliyeketi kwenye daka
nilimpata vipande:
sindano bila mkono, mkono bila kofia.
Waliojenga mji huu walipimia punda mmoja na mzigo wake.
Hamsini hawakuifikiria.

Ishirini na nane ikabugia kila kitu:
kuta zote mbili, mfereji, paka watatu,
ncha ya kiatu changu mwenyewe,
na mshona kofia akawa punje ya ufuta kule mwisho.
Kumpata ilibidi nimwendee mpaka nisikie pumzi zake,
na kwa umbali ule mtu haibiwi tena,
husalimiwa.
"Sabalkheri."
"Sabalkheri. Wewe ni mwana wa nani vile?"
Picha ikafa. Nikapewa kashata.

Ikabaki thelathini na tano,
fupi kama kidau cha wanja.
Tundu nikaliweka nane, umbali hatua mbili,
nikaiacha kifuani, nyeusi juu ya buibui jeusi,
nisichungulie, nisifumbe jicho.
Punda wa mawe akapita: kidole kikabonya.
Watoto wa chuoni wakigombea kiatu kimoja: kikabonya.
Kijana akipima mlango kwa kamba ya mkonge,
kamba mdomoni, penseli sikioni.
Sauti yake ndogo, kama mtu aliyetema mbegu ya ubuyu.
Hakugeuka hata paka.
Nikajiona mjanja. Nikajiona sipo.

Mpaka kwa Bi Mwanamkuu, anayechagua mchele kizingitini,
uso ndani ya ungo, hajauinua tangu nitokee kona.
"Arafa," akasema, "mwambie huyo mdudu wa kifuani
mimi upande wa kushoto ndio mzuri."

Nikauliza amejuaje.
"Unatembea kama uliyebeba yai."

Nilisimama pale na ujanja wangu wa milimita thelathini na tano.
"Basi nikupige?"
"Kwani hujanipiga?"
"Bado."
"Haya. Mimi nina mchele wangu."

Na akauendea mchele wake.
Hakukaza shingo, hakutafuta mtandio.
Akaokota kijiwe, akakitazama kidogo,
akakirusha njiani, karibu na mguu wangu,
kama vile nipo, na kuwapo kwangu si kitu.
Hapo, kidole kikabonya polepole,
mara moja tu.

Adhuhuri nikarudi Langoni.
"Elfu kumi na nane," akasema Fundi Lali.
Nikatoa kumi na moja, nikatazama chini.
Akafungia lenzi ndani ya leso, akanipa,
akanirudishia na kitambulisho.
Jina la babangu, akasema,
atakaa nalo mpaka mwisho wa mwezi.